Moshi wa Siku ya Ine

Sipendi kutoka nyumbani. Hapa Rugenge, mtaa wetu wa Uvira, wanaonijua wanalijua hilo, na wasiojua, mke wangu amekwisha kuwaambia. Kwa hiyo Riziki, binti wa shangazi yangu, aliponipigia simu kusema mama yake ametutoka na matanga yanafanyika shambani, hakungoja hata nimpe pole. "Kaka, weye utakuya, ao utatuma salamu kama kawaida yako?" Nikaenda. Nilishuka kwenye barabara ya Fizi, mbele kidogo ya Makobola, nikaikuta nyumba ile ile ya kuta nene imejaa watu: wanawake kwenye mikeka sebuleni, wanaume nje chini ya turubai, sufuria za maharagi zinachemka uani. Kijana mmoja alikuwa anawasimulia wenzake habari za mashini iliyokuwa shambani zamani. Ilikuwa mashini ya meli ya vita, alisema, na Mbelgiji aliificha dhahabu ndani yake kabla ya kukimbia. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa anaeleza vizuri kuliko ukweli wenyewe. Riziki akanishika mkono, akanisogeza mbele yao. "Huyu muzee mwenye munaona, yeye njo alikuwa anachunga sindano ya ile mashini. Mumuulize yeye." Vijana wakanitazama, wakatazamana, wakanisalimia kwa adabu, kisha wakarudi kwenye simu zao. Basi habari imenibaki mkononi, na kwa kuwa nimesharudi nyumbani na sina mpango wa kutoka tena karibuni, naiandika.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza sekondari, diplome ninayo, na nilikuwa nimeitundika ukutani juu ya kiti nilichokalia kutwa nzima nikingoja ulimwengu upite kuisoma. Shangazi alikuja Uvira kutafuta mkanda wa mashini, akaingia kwetu kunywa maji. Alinitazama nilivyokaa, akazunguka nyuma ya kiti, akanitazama tena kama mtu anayechagua mbuzi. "Huyu anaweza kukaa pahali pamoja muda murefu?" Waliokuwepo wakacheka. "Mama, haiko kazi ingine anajua." "Bila kusinzia?" "Hasinzii. Anaangalia tu." "Basi munipatie. Niko na kazi ya muntu wa kukaa." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza, na mpaka leo sijapata nyingine iliyonifaa kama ile.

Mashini ilikaa ndani ya hangari ya mabati yenye kutu, na kitu cha kwanza ulichokiona ni shodiere, pipa la chuma lililolala kifudifudi, kubwa kuliko chumba ninachoandikia. Tumboni mwake walitia moto, mgongoni mwake lilisimama dohani refu, na mvuke wake ulizungusha gurudumu lililonipita urefu. Kutoka kwenye gurudumu mkanda ulikwenda mpaka kwenye kikamulio cha mafuta. Pembeni kulikuwa na sanduku la chuma lenye mlango mzito, ambamo ngazi, yale matunda ya mchikichi, yalipikwa kwa mvuke kabla ya kukamuliwa mawese. Mwenye moto alikuwa Papa Alimasi, aliyeushika tangu enzi za Mbelgiji. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Moto aliusikia kwa masikio na joto alilipima kwa kiganja, lakini sindano ndogo ndani ya kioo, ile inayoonyesha nguvu ya mvuke, hakuiona tena. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kioo na kumwambia sindano iko wapi. "Ikikaribia mustari mwekundu, sema inakaribia," alinifundisha. "Ikipita mustari, kimbia. Kiisha kukimbia, kama uko na nafasi, uniambie na minye."

Kwa kuwa tulikaa pale saa nyingi, alinieleza historia yote, na nilikuwa msikilizaji asiyeweza kuondoka. Mashini ilikuja kwa ziwa juu ya chombo cha kubebea mizigo, ikashushwa mchangani, ikavutwa kwa kamba juu ya magogo ya mviringo mpaka hapo ilipo. Yeye alikuwa miongoni mwa waliovuta, na waliimba wimbo ambao maneno yake alikataa kuyarudia kwa sababu jiko la wanawake lilikuwa karibu. Mbelgiji alipanda michikichi kutoka barabarani mpaka mguuni mwa mlima, mistari imenyooka hata ukisimama chini uliona mlima kati ya miti kama unaona kupitia ujia wa nyumba. Halafu uhuru ukaja, Mbelgiji akapanda mtumbwi wa mota, akamwachia funguo kapita wake, msimamizi wa wafanyakazi, yaani mume wa Shangazi. Kisha uasi, watu wakakimbilia milimani. Waliporudi walikuta nyumba haina milango, haina vitanda, haina hata misumari ya kutundikia nguo. Mashini ilikuwa mahali pake, kwa sababu moja tu: hakuna aliyeweza kuibeba. Kapita akaendelea nayo mpaka alipofariki, na Shangazi akaendelea pale mume wake alipoishia.

Sasa, ardhi ilikuwa ya Serikali, na maneno yaliyofika kijijini ni kwamba shamba lililolala litachukuliwa na kupewa mtu mwenye uwezo wa kuliamsha. Mtu huyo tulimjua. Alikaa mjini, tulimwita Mukubwa, na alilitaka shamba kwa ajili ya ng'ombe wake. Shangazi alifikiri jambo hili kwa makini, akafikia uamuzi ambao kijiji kizima kiliuona wa akili sana: shamba linalofanya kazi ni shamba linalotoa moshi. Barabara ilipita chini yake. Wakubwa wa Serikali walipita ndani ya magari, na hakuna hata mmoja aliyeshuka kutazama mti. Lakini moshi wa dohani lile ulionekana kutoka barabarani, kutoka ziwani, mpaka kwa wavuvi waliokuwa wanarudi. Basi kila siku ya ine, Alhamisi kwa wale wanaosikiliza redio, siku ambayo wakubwa walizoea kupita, moto uliwashwa, ngazi ziwepo zisiwepo. Mara nyingi hazikuwepo. Michikichi ilikuwa imezeeka na kurefuka hata wapandaji wakaikataa, na vichala vyake vilikuwa vidogo. Kikamulio kilizunguka kitupu, gurudumu likazunguka kwa ajili ya kuzunguka, na gari la Serikali likionekana kwenye kona, Papa Alimasi alivuta kamba na filimbi ikalia mpaka kuku wakaingia vichakani. Mimi nilikaa mbele ya kioo, nikitangaza safari za sindano. Riziki, ambaye alikuwa na umri kama wangu na hakuwahi kukaa chini mbele yangu zaidi ya dakika, alipita na ndoo kichwani akauliza: "Kaka, bado unalalia yale mayai? Yatapasuka lini?"

Wanawake hawakuona sababu ya mvuke kupotea bure. Wa kwanza alileta sufuria ya maharagi akaomba iwekwe ndani ya sanduku. Nilipofika mimi, ilikuwa tayari desturi, na siku ya ine hakuna jiko lililowashwa kijijini. Asubuhi walipanga mstari, vikwembe vyao, yaani vitenge, viunoni, kila mmoja na sufuria yake: sombe ya majani ya mihogo, mihogo iliyofungwa kwenye majani ya migomba, mikeke, samaki wa ziwa letu, iliyopakwa chumvi na pilipili. Mchana Papa Alimasi alifungua mlango akiita, "Ogopeni mikono," na harufu iliyotoka pale sijaipata tena popote, samaki na majani na chuma na mafuta ya zamani pamoja. Tulikula kwenye sebule ya Mbelgiji, chumba kirefu chenye madirisha mapana upande wa ziwa na mengine upande wa mlima, yote bila vioo. Ndani ya beseni lake la kuogea Shangazi aliloweka mihogo. Nilikuwa napenda kufikiri kuhusu Mbelgiji, huko aliko, akiulizwa habari za beseni lake. Nilipenda sana mwaka ule, kwa kweli. Nilikuwa nimetoka kwetu ili nijifunze maisha, na maisha yakawa ni kukaa, kula, na kusikiliza watu wanasema.

Chumba changu kilipakana na baraza, na hapo ndipo niliposikia jambo ambalo sikuulizwa. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Papa Alimasi alikuwa ameketi na Shangazi, na mzee ndiye aliyeanza.

"Mama Riziki, kuni iliisha."

"Kule mulimani?"

"Mulimani kulibakia majani tu. Bantu walikata yote, wakachoma makala."

"Maganda ya ngazi?"

"Ngazi gani, Mama?"

Nilisikia Shangazi anaburuta mguu wake sakafuni, alivyofanya akifikiri.

"Iko michikichi ya kule juu," alisema. "Mizee. Haizae tena."

"Mbichi haiwake."

"Tutaikausha. Unataka Mukubwa apite siku ya ine aone hakuna moshi?"

Wiki hiyo shoka zilipanda. Walianza na mistari ya mguuni mwa mlima, ambayo kutoka barabarani haikuonekana, wakashuka polepole. Mchikichi ni kuni mbaya: una maji, una nyuzi, moshi wake ni mweusi na mwingi. Shangazi aliupenda moshi ule kuliko wa kwanza. Nilikuwa naitazama sindano inapanda kwa shida, na kila mara ilipopanda, mgongoni mwa hangari mstari mwingine wa miti ulikuwa umelala. Siku moja mezani Riziki alisema, akiwa anachambua miiba ya samaki, "Mama, mashini iko inakula shamba." Shangazi akasukuma sahani kuelekea kwake. "Kula na weye. Itapoa." Nimeishi na watu wengi tangu hapo, na sijawahi kuona jambo kubwa namna ile likisemwa kwa sauti ndogo namna ile na kuwekwa pembeni pamoja na miiba. Mimi mwenyewe nililielewa, na sikusema. Nilikuwa na kazi ya kusema sindano iko wapi, na niliifanya vizuri.

Mvua za kwanza zilipoanza, michikichi ilikuwa imebaki kama pazia: mistari michache upande wa barabara, na nyuma yake mteremko mtupu wenye visiki. Ndipo akaja mtu wa ofisi ya ardhi. Alikuja siku ya ine yenyewe, juu ya kamyo iliyobeba ndagala, wale dagaa wa ziwani, na alinuka ndagala kiasi kwamba paka wa nyumba alimfuata mpaka hangarini. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, viatu vyake vyeusi vimejaa mchanga, mfuko wa ngozi kwapani. Filimbi ilimpokea, gurudumu lilikuwa linazunguka vizuri, wanawake wote wamejipanga. Akavua kofia kulitazama.

"Inakamua nini, Mama Sitwayeni?" aliuliza, kwa kuwa wakati wa Zaire sote tuliitwa Sitwayeni, yaani raia.

"Mawese, Sitwayeni."

"Iko wapi?"

"Ngazi bado zinaiva mule ndani."

"Nifungulieni nione."

"Iko moto sana," alisema Papa Alimasi.

"Nitangoja ipoe."

Mlango ulifunguliwa. Mvuke ulitoka mwingi, na ulipokwisha tulibaki sote tunatazama sufuria za sombe, vifungu vya mihogo, mikeke, na kopo la maji ya kuogeshea mtoto wa jirani. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ile ya kifuniko ya bluu iko yangu. Wasiiguse."

Yule bwana aliinama, akanusa, akafunga mlango mwenyewe kwa ncha ya kikwembe alichoomba. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo lile vijiji vingi. "Mama, minye siandike moshi. Minye siandike mashini. Ofisi inaniuliza neno moja tu: nini imepandwa, na inatoka wapi mpaka wapi. Pasipo kitu imepandwa, wanapatia mwingine shamba. Twende kule juu munionyeshe michikichi." Nikamtazama Shangazi. Alikuwa ameshika nguzo ya mkanda. Nadhani katika mwaka wote ule ndiyo mara pekee niliyomwona ameshika kitu ili asianguke. Ile miti tuliyoichoma ili tusinyang'anywe shamba ndiyo ingelituachia shamba, na sasa ilikuwa inatoka juu ya dohani, nyeusi, inakwenda ziwani. Papa Alimasi akanigeukia kama kwamba hakuna jingine lililokuwa linatokea duniani. "Sindano iko wapi?" Nikamwambia inashuka.

"Utakula kwanza," Shangazi akamwambia mgeni, na halikuwa swali. "Haiwezekani uje kwangu upande mulima na njaa." Kisha, akipita karibu yangu: "Weye ukae naye. Ukae sawasawa." Akatoka kwa mlango wa nyuma, na wanawake wote wakamfuata. Mimi si mwepesi wa kuelewa, lakini hilo nililielewa. Nyuma ya kila jiko kijijini, baada ya mavuno, kulikuwa na mafungu ya vijiti vya mihogo yameegemezwa ukutani, mbegu ya msimu mpya, inangoja mvua ilainishe udongo. Na mvua ilikuwa imekwisha kulainisha.

Nilimkalisha yule bwana sebuleni, mgongo wake kwa madirisha ya mlima, uso kwa ziwa. Nikamletea maji ya kunawa, bugali, sombe, na mikeke, ikiwa pamoja na ile ya kifuniko cha bluu, Mungu anisamehe. Nikamuuliza habari za ofisi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za ofisi kwa miaka mingi, nadhani, maana alizitoa zote. Alinieleza juu ya mkuu wake, juu ya dari linalovuja, juu ya mguu wake wa kushoto. Alinieleza kwamba aliyemtuma kwetu ni Mukubwa, na kwamba Mukubwa ana magari uani. "Namuambia, Sitwayeni, nitafika kule na nini? Ananiambia, utapata gari njiani. Nilipata. Unasikia vile ninanuka?" Nikamwongezea samaki. Alikula mwiba kwa mwiba. Kutoka mlimani zilianza kusikika sauti za wanawake, wimbo wa kufuatana, mmoja anatangulia na wengine wanaitikia, pamoja na majembe.

"Bale bamama wanaimba wapi?"

"Ni korali ya kanisa, Papa."

"Siku ya ine?"

"Iko repetisyo, wanajizoeza."

Akatikisa kichwa, akatafuna. "Inaimba vizuri. Lakini bass haiko."

Nilikaa naye mpaka sahani zikawa safi, nikakaa naye mpaka maneno yakaisha, nikasimulia hata habari za shule yangu, ambazo sijawahi kumsimulia mtu kwa hiari. Mwishowe alinawa, akafuta mdomo, akasema, "Twende, kijana. Umenikalisha sana." Alisema hivyo akinitazama machoni, na nikaona kwamba yeye si mjinga.

Tulipita mistari ya chini ya michikichi, tukatokea ng'ambo. Visiki vilikuwa vimesimama kila mahali, na kati ya visiki, kutoka nyuma ya michikichi mpaka kama nusu ya mteremko, udongo mweusi uliofukuliwa upya na vijiti vya mihogo vimechomekwa. Wanawake waliacha kuimba, wakaegemea majembe. Riziki alikuwa na matope mpaka mapajani. Yule bwana akatembea kidogo, akainama, akachomoa kijiti kimoja. Kilikuwa kimepandwa kichwa chini, macho ya kijiti yakitazama ardhini. Alikigeuza, akakichomeka vizuri, akajifuta vidole.

"Huyu alipanda miguu juu," alisema.

"Sitwayeni," Shangazi akamwuliza, "tunabakia ao hatubakie?"

"Yenye imepandwa, naiandika kwenu. Yenye haikupandwa, Mama, siwezi." Akatazama juu, pale matope yalipoishia na nyasi kuanza. Halafu akatafuta jiwe, akaketi, uso kwa ziwa, mgongo kwa mlima. "Muchanga iliingia mu kiatu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Nitatoa muchanga kwanza." Akavua kiatu, akaanza kukigonga juu ya jiwe, polepole, akichungulia ndani, akigonga tena.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Watoto walitumwa kijijini mbio, wakarudi na mafungu yaliyobaki, yale ambayo kila nyumba ilikuwa imeyaficha kwa ajili ya mashamba yake yenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuangalia pa kuketi karibu na mgeni, kumsindikiza, lakini Shangazi alinitupia fungu kifuani. "Weye, simama." Akanipa jembe na upande wa kulia, kwenye mto unaopakana na shamba, mstari wa mwisho pembeni, na wengine wakaenea kushoto kwangu, wote tukielekea juu. Papa Alimasi alipanda kwa kupapasa. Hakuna aliyeimba sasa. Kilichosikika ni majembe na kile kiatu. Tulipanda mpaka hakukubaki kijiti hata kimoja, na mwaka uliofuata kijiji kizima kilikula mihogo ya watu wengine. Yule bwana alipoona tumesimama wote, alivaa kiatu chake, akafunga kamba, akatembea ukingoni mwa matope kutoka upande mmoja mpaka mwingine, akiandika kwamba hapo ndipo mpaka. Sehemu ya juu ilikwenda kwa Mukubwa, na ng'ombe wake walikula huko mpaka vita vilipowala wao. Ya chini ilibaki.

Shodiere haikuwashwa tena. Shangazi hakutoa maelezo, na mimi, kwa kuwa hapakuwa na sindano ya kuchunga, nikarudi Uvira kwenye kiti changu. Miaka mingi baadaye wanunuzi wa vyuma chakavu waliikata kwa moto vipande vipande, wakaipeleka walikoipeleka. Nilialikwa kuja kutazama. Sikwenda, kulikuwa na mvua.

Siku tatu baada ya mazishi Riziki aliita mpimaji ili shamba liandikwe kwa jina la watoto. Alikuwa kijana mwenye simu inayosema na satelaiti, na sisi tulimfuata nyuma kama wazee wanaofuata padri. Upande wa kushoto mpaka ulipanda umenyooka vizuri kando ya ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu, ukakata juu kuelekea upande wa mto, lakini mpimaji alipofika karibu na mto alisimama, akaitazama simu, akaitazama ardhi. Hapo ua ulirudi chini ghafula, kama mtu ameuma kipande cha mkate.

"Mama, hapa kulikuwa nini?" akauliza. "Jiwe? Mgogoro na jirani?"

Riziki akanielekezea kidole. "Hapo njo huyu alichoka."